Mji Tuliompa Mgeni

Kitendawili!

Nimesikia mmeitikia. Haya, shikeni: huingia kwangu bila hodi, hula kwangu bila kukaribishwa, na hata akiniibia sifungi mlango.

Msikimbilie kujibu. Kiwekeni shavuni kama ubuyu, kitalainika chenyewe. Na atakayeshindwa aseme nimeshindwa, yaishe. Mji asinipe. Najua desturi yetu: watu wakishindwa, mtegaji husema "nipeni mji", akapewa Tanga au Mombasa au Ulaya nzima, wakacheka, naye akatoa jibu. Mchezo wa tangu na tangu, haujawahi kumdhuru mtu. Lakini kule Ndivani, milimani Upare, wako waliotoa mji kwa kitendawili hikihiki, na mzaha wao ukatumbuka usaha.

Ilikuwa miaka ile ambayo ndege za abiria zilikuwa chache angani kama nywele za kipara. Dunia ilikuwa imechoka kula moshi wa watu wanaokwenda kuitazama dunia. Ikakatazwa safari ya chombo chochote cha moshi kwa ajili ya kutembea tu. Sasa mtu wa mbali auonaje mlima?

Aliuona hivi. Kila asubuhi mama mmoja aliyeitwa Nakiete, umri wake sitini na kidogo, alifungua banda la mbao kando ya ndiva, akapiga makofi mara moja, na miili kumi na miwili iliyotundikwa ukutani ikafumbua macho.

Ndiva ni bwawa la mababu, la mawe na udongo. Maji ya chemchemi hulala humo usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka kwa mifereji mpaka mashambani. Siku hizo, kabla hayajafika mashambani, maji yalizungusha gurudumu, na gurudumu likaijaza umeme ile miili. Ilifumwa kwa nyuzi za katani, viungo vyake mpira, macho yake kioo. Iliitwa miili-azima, kwa kuwa mtu aliiazima kwa saa chache akairudisha. Mgeni akiwa kwake Bergen, au Lagos, au Dodoma, alivaa kofia-hisi kichwani, na mara ile mikono ya katani ikawa mikono yake. Umande aliukanyaga. Joto la chungu alilisikia viganjani. Harufu ya makande ilimfikia kulekule aliko. Shibe tu ndiyo haikumfikia, maana mwili-azima haukuwa na kinywa wala tumbo.

"Huyu ndiye mgeni aliyeumbwa kwa ajili ya Wapare," alipenda kusema Mchome, jirani yake Nakiete. "Anasifu chakula mpaka machozi yanamlengalenga, halafu anakiacha chote chunguni!"

"Ndiyo maana na wewe unakuja kila siku saa ya kupakua," Nakiete alimjibu. "Kumsaidia mgeni kutokula."

Hakuna gari lililopanda mlima ule, hakuna hoteli iliyokata mti. Kwa fedha za wageni hao Ndivani ilitengeneza kingo za ndiva, ikawaweka walinzi wa msitu, ikapata na muuguzi wake. Watu wa mbali walikuja kujifunza namna kijiji kinavyoweza kupokea ulimwengu bila kuuchafua.

Na aliyebuni miili-azima hakuwa mtu wa mbali. Alikuwa Namkunda, binti wa kaka yake Nakiete. Mama yake alifariki mtoto akiwa na miaka minne, shangazi akamlea. Kila Krismasi alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, akachora kwa kisu alama ya kimo chake. Alama zilipofika kumi na tatu, Namkunda alishuka mjini Same kusoma, na Same ya wakati huo ilikuwa jiji la vioo na vivuli vya paneli za jua, si stendi ya vumbi tena. Akarudi injinia wa kampuni moja iliyoitwa Nyayo Nyepesi.

Alipoleta mwili wa kwanza, shangazi yake aliuzunguka mara tatu kama anayenunua ng'ombe.

"Unajua hodi?" akauliza.

"Unajua kila kitu, shangazi. Unaongea lugha arubaini."

"Sikukuuliza lugha. Mwili usiojua hodi siutaki mlangoni kwangu."

Namkunda akacheka, akarudi karakanani, akabuni kufuli-hodi. Tangu hapo mwili-azima ukifika kizingitini mguu wake hukaza kama wa ng'ombe aliyegoma. Mpaka useme hodi, mwenye nyumba ajibu karibu, ndipo goti hulegea. Wahandisi wa nchi nyingine waliiga kufuli lile, wakampa nishani.

"Na wewe ukiuvaa kutoka mjini?" Nakiete aliuliza. "Utanipigia hodi?"

"Nikipiga hodi kwako si utanipiga na mwiko!" Namkunda akaliambia kufuli litambue mwendo wake yeye, na yeye peke yake, limwache apite.

Kitu kimoja zaidi niwaambie, kisha twende. Enzi hizo saini ilikuwa imepitwa. Kila nyumba ilikuwa na sikio, kifaa kidogo kama gunzi kilichoning'inia darini, na sheria ilisema neno lililonenwa na mwenye nyumba mbele ya sikio ni sawa na sahihi yake. Sheria nzuri. Ilitungwa ili wazee wasiojua kusoma wasidanganywe kwa makaratasi. Na katika mambo ya wageni, aliyeandikishwa kuinenea Ndivani nzima alikuwa Nakiete.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa mwezi wa nne, saa tisa alasiri, ukungu umeshuka mpaka ukidondosha kijiko hukioni. Mvua ikaja kwa kishindo. Waliokuwa shambani wakakimbilia jikoni kwa Nakiete: Mchome, Nanzighe ambaye ni wifi yake, na majirani wengine wanne. Nyuma yao ukaingia mwili-azima unaotiririka maji. Kwenye kifua chake palikuwa na jina la mgeni wa siku hiyo: Bwana Halvard, wa Bergen. Ukavuta kigoda kifupi kilichokuwa nyuma ya mlango, ukakaa karibu na moto.

"Giza hili ni la vitendawili," akasema Nanzighe. Wakategeana vya kuku na mayai, vya nyumba isiyo na mlango, mpaka mwili wa katani ukainua mkono.

"Kitendawili!"

Wakapasuka kwa kicheko. "Mzungu anatega! Tega, baba, tega!"

"Huingia kwangu bila hodi, hula kwangu bila kukaribishwa, na hata akiniibia sifungi mlango."

"Paka!" akasema Nanzighe.

"Paka nikimkamata na nyama yangu namfungia nje. Si paka."

"Inzi!"

"Si inzi."

"Ni Mchome," akasema Nakiete, na jiko zima likaanguka kicheko, Mchome mwenyewe akijipiga mapaja.

"Mmeshindwa," ukasema mwili. "Basi nipeni mji."

"Chukua Korogwe," akasema Mchome.

"Korogwe sitaki, joto."

"Arusha."

"Nimeshaichoka. Nipeni mji ninaoupenda."

Hapo Mchome akasimama, kifua mbele, kama mkuu wa wilaya. "Basi chukua Ndivani! Na ndiva yake, na makande yake, na sisi wenyewe na sura zetu hizi mbaya! Dada Nakiete, wewe ndiye mwenye nyumba, mpe!"

Nakiete alikuwa anafuta machozi ya kicheko kwa ncha ya khanga. "Haya, nimekupa. Chukua Ndivani."

"Nimepokea," ukasema mwili.

Kisha macho yake yakazimika, kichwa kikainama. Wakasema ni mvua, mawimbi yamekatika, jibu tutapewa kesho. Mchome akaubeba mgongoni mpaka bandani kama mlevi wa harusini.

Kesho haikuja na jibu. Wiki ya tatu Nakiete alipiga makofi bandani na hakuna mwili hata mmoja uliofumbua macho. Siku tatu akapiga makofi. Siku ya nne wakapanda mlima vijana wawili, mke na mume, kwa miguu yao wenyewe kutoka bondeni, wamesikia habari za Ndivani na wanataka kulala usiku mmoja. Wakasimama nje wakasema hodi. Nakiete alipofungua mdomo, sikio la nyumba likamtangulia.

"Mwenye nyumba, subiri. Jina la Ndivani, sura zake, sauti zake na makaribisho yake vimetolewa kwa hiari kwa kampuni ya Nyayo Nyepesi. Huruhusiwi kupokea mgeni wa matembezi. Uthibitisho ni huu."

Na kutoka darini akajisikia mwenyewe akisema, kicheko kikiwa kimefutwa, neno limebaki kavu: "Haya, nimekupa. Chukua Ndivani."

Wale vijana walisubiri kidogo, wakitazama mdomo wake. Wakateremka.

Sasa mjue, Wapare husemwa kwamba watachinja ng'ombe kwa kesi ya kuku. Ni utani, lakini una mzizi. Jioni ileile watu walijaa uani wakidai mahakama, na Mchome, aliyekuwa hajacheka tangu asubuhi, alisema yuko tayari kuuza hata paa lake. Nakiete akawatuliza. "Namkunda yumo humohumo kwenye kampuni. Kuna makosa ya mitambo tu. Mwanangu atayanyoosha."

Namkunda alikuja Jumamosi. Nakiete alikuwa anachambua maharage, akasikia mlangoni sauti ndogo:

"Hodi."

Akainua kichwa. "Nani?"

"Mimi, shangazi."

"Tangu lini unapiga hodi hapa?"

Namkunda akaingia, akakaa juu ya benchi la wageni. Alikuwa amekonda. Akaanza kueleza, na maelezo yalikuwa laini kama yaliyofanyiwa mazoezi. Nyayo Nyepesi, alisema, imejenga Ndivani ya Mwanga mjini Same, ukumbi ambamo kijiji chote kimenakiliwa kwa mwanga. Mgeni hahitaji tena mwili wa katani. Hata ule unyayo mdogo uliokanyaga miche msituni umeondoka. Mlima utapumzika kabisa.

"Na sisi?"

"Walisema mtaendelea kuwa washirika, shangazi. Walisema kwanza, halafu..."

"Nipeleke nikaone," akasema Nakiete.

Ukumbi ulikuwa mkubwa kuliko kanisa. Nje palikuwa na foleni, na ndani ukungu wa Ndivani ulishuka kutoka darini, baridi yake ileile. Ndiva ilimeremeta bila tope. Na mlangoni kwa nyumba yake alisimama Nakiete mwenyewe.

Yule mwingine hakukohoa. Goti lake la kushoto halikumuuma. Alifungua mikono kwa kila aliyefika, akasema kwa sauti yake, ileile aliyomwitia Namkunda akitoka shule, "Karibu mwanangu, karibu nyumbani." Mtu akipita, anageukia mwingine: karibu mwanangu. Nakiete alisimama kwenye foleni ya wageni wake, na zamu yake ilipofika yule mwanamke wa mwanga alimtazama usoni bila kumjua, akamwita mwanangu.

Chunguni makande yalikuwa yametiwa nazi, ambayo yeye hajawahi kuitia.

"Nazi," akanong'ona Nakiete. Hilo ndilo lililomtoa chozi. Nawaambia kweli, mtu huibiwa nyumba akasimama, akaja kuangushwa na nazi.

Akajishika mwimoni asianguke, na mkono ukapita hewani, maana ulikuwa mwanga mtupu. Ndipo akaiangalia nyumba vizuri. Ufa wa chungu ulikuwemo. Kigoda kifupi kilikuwemo. Hata shimo la panya. Lakini mwimo wa mlango ulikuwa laini, bila alama hata moja ya kisu.

Aliyenakili nyumba hakusahau kitu. Kuna kitu kimoja alichokiondoa kwa mkono wake.

Nje, juani, Nakiete alimgeukia mpwa wake. "Siku ile ya mvua, ndani ya ule mwili alikuwa nani?"

"Bwana Halvard, shangazi."

"Mtu wa Bergen alijua kuomba mji?"

"Jina la mgeni linalindwa na sheria. Siwezi kusema zaidi."

"Basi niambie hili. Jibu la kitendawili ni nini?"

Namkunda akatazama viatu vyake. Kibasi cha umeme kikaja, kikamchukua shangazi, kikaondoka, na jibu halijatoka.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa nane, katika Baraza la Neno, mahakama ya maneno yaliyonenwa mbele ya sikio, hapohapo Same. Ndivani yote iliteremka, waliobaki mlimani ni kuku tu. Mwenyekiti wa Baraza alikuwa mama mfupi, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kusugua miwani kabla ya kusema. Upande wa kulia walikaa watu wa Nyayo Nyepesi, wakili wao mbele, na kwenye benchi la wahandisi Namkunda, nishani yake kifuani.

Wakili alicheza sauti ya Nakiete. Nimekupa. Akaicheza tena. Akasema mila ya kutoa mji ni ya Waswahili wenyewe, kampuni haikuibuni. Mwenye nyumba alitoa mbele ya sikio, mgeni akapokea, na baadaye akaikabidhi kampuni.

Mwenyekiti akasugua miwani. "Sheria naijua. Neno alilopewa mgeni linasimama, hata kama lilitoka kwa mzaha. Lakini kama aliyelipokea hakuwa mgeni, kama alikuwa mtumishi wa kampuni aliyevaa jina la mgeni, neno hilo limeanguka, na Ndivani inarudi kwa wenyewe leo hii. Mama Nakiete, una ushahidi wa hilo?"

Nakiete akasimama, mkono mezani kwa ajili ya goti. "Naomba sikio lirudishwe nyuma, mheshimiwa. Kabla ya vicheko. Pale tulipoingia."

Likarudishwa. Baraza zima likasikia mvua ya mwezi wa nne. Mchome akilaani matope. Nanzighe akikung'uta khanga. Nyayo za katani, chwa, chwa, chwa. Kigoda kikivutwa. Kisha: "Kitendawili!"

"Mmesikia hodi?" akauliza Nakiete.

Watu wakatikisa vichwa.

"Mmesikia karibu yangu? Hata mimi sikuisikia. Siku ile nilikuwa nimeshughulika na mvua, nikapitiwa. Mwili-azima hauvuki kizingiti bila hodi, mheshimiwa. Mguu hukaza. Huu ulivuka, ukavuta kigoda nyuma ya mlango bila kuonyeshwa kilipo."

Mwenyekiti akainama mbele. "Kufuli humwachia nani?"

Nakiete alifungua kinywa. Mchome, nyuma yake, alishaanza kuinuka ili alitaje jina kwa sauti kubwa, lakini Nanzighe akamvuta koti.

Wakili akawahi. "Mheshimiwa, ni hitilafu ya mtambo, basi. Mvua iliingia kwenye kufuli. Aliyelibuni yupo hapa." Akageuka. "Injinia, simama. Liambie Baraza: siku ile kufuli lilikuwa bovu, ndiyo au siyo?"

Namkunda akasimama. Kufuli lile ndilo lililompa jina duniani, na halikuwahi kuharibika hata siku moja. Akamtazama wakili. Akatazama watu wa Ndivani waliovaa nguo zao za Jumapili, na kila mmoja wao alishawahi kumpangusa makamasi utotoni. Hakumtazama shangazi yake.

"Injinia?"

"Mheshimiwa," akasema Nakiete, "kabla hajajibu la wakili, ana deni la kale. Jina la mtu sitalitaja. Ningelitaja kwa mdomo wangu, mdomo huuhuu uliomwita kwa jina hilo akiwa anatambaa kwenye majivu, ningekosa nguvu ya kurudi mlimani. Lakini mchezo una sheria yake. Mtegaji akipewa mji, lazima atoe jibu. Sisi mji tulitoa. Miezi minne sasa, jibu hatujapewa. Na mtegaji yumo humu ndani."

Wakili akacheka kidogo. Mwenyekiti hakucheka. Aliweka miwani mezani.

Nakiete akageuka, akamwelekea Namkunda. Sauti yake haikuwa ya hasira. Ilikuwa ile ya jioni, ya jikoni.

"Kitendawili."

Midomo ya Namkunda ikasogea yenyewe, kama ilivyosogea tangu akiwa na miaka minne. "Tega."

"Huingia kwangu bila hodi. Hula kwangu bila kukaribishwa. Na hata akiniibia, sifungi mlango."

Juu ya vichwa vyao sikio la Baraza liliwaka taa yake ndogo ya kijani, likisubiri neno. Namkunda alipeleka mkono kifuani, akaifungua nishani, akaiweka juu ya benchi taratibu, kama mtu anayetua mtoto aliyelala.

"Ni mtoto wa nyumbani," akasema. "Ni mimi, shangazi."